Kunona si Kukua: Historia ya Mtamba wa Maonesho

Mwezi Novemba mwaka 1811 mtamba mmoja alitolewa Bolton Abbey, katika wilaya ya Craven huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, akaanza safari ndefu ya kwenda London. Alizaliwa mwaka 1807 kwenye ardhi ya ukoo wa kikabaila wa Devonshire, na mfugaji wake alikuwa mchungaji wa kanisa, William Carr. Alipotimiza miaka minne uzito wake ulihesabiwa kuwa ratili 2,496, yaani zaidi ya kilo 1,100. Ng'ombe jike wa Friesian aliyekomaa na kuzaa, ambaye wafugaji wa leo humwona mkubwa, mara nyingi hafiki kilo 700. Simulizi za eneo lile husema mlango wa banda ulilazimika kupanuliwa ili mtamba huyo apite. Njiani alioneshwa mji baada ya mji, na watu walilipa kiingilio kumtazama. Mwaka 1817 Benki ya Craven iliweka picha yake kwenye noti zake, na hadi leo zipo baa za Yorkshire zinazoitwa kwa jina lake. Mtamba huyo hakukumbukwa kwa ndama aliyemzaa wala kwa maziwa aliyoyatoa. Alikumbukwa kwa jinsi alivyonona.

Anayemlisha mtamba wa maonesho leo, iwe katika kaunti ya Yorkshire, katika jimbo la Iowa au katika viwanja vya Nairobi, amerithi desturi iliyokomaa katika miaka ile. Inafaa basi kuuliza desturi hiyo ilitaka kuthibitisha nini, na kama ilithibitisha. Hoja ninayoitetea ni hii: kunona kulianza kama ushahidi wa mambo mengine, yaani damu njema, malisho ya kutosha na ustadi wa mlishaji, lakini taratibu ushahidi ulichukua nafasi ya jambo lenyewe. Aliyeumizwa zaidi na kosa hilo ni mtamba. Maksai wa maonesho huenda machinjioni muda mfupi baada ya kupewa zawadi, kwa hiyo mwili wake ndio mwisho wa hesabu. Mtamba kazi yake huanza baada ya maonesho kwisha: kushika mimba, kuzaa salama, kutoa maziwa, kisha kushika mimba tena. Historia ya zaidi ya miaka mia mbili inatufundisha kwamba uzito wa mtamba hauna maana mpaka tujue umejengwa kwa nini, na katika umri gani.

Ili kuelewa kwa nini watu wa mwaka 1811 walilipa fedha kutazama mafuta, ni lazima tujue walikotoka. Kwa karne nyingi ng'ombe wa Uingereza alikuwa kwanza mnyama wa jembe na wa maziwa. Nyama ilikuja mwishoni, baada ya nguvu zake kwisha. Adui wake mkubwa alikuwa majira ya baridi. Kuanzia Novemba hadi Aprili nyasi hazikui, na mfugaji aliyekuwa na akiba ndogo ya majani makavu aliwaona wanyama wake wakipoteza miilini yote waliyoyapata kiangazi. Katika karne ya 18 mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni mzunguko wa mazao ulioenea kutoka mkoa wa Norfolk, ambamo ngano ilifuatiwa na turnipu, kisha shayiri, kisha klova. Turnipu, zao la mizizi la jamii ya kabichi, ilimpa ng'ombe chakula chenye maji katikati ya baridi. Klova ilimpa majani makavu yenye protini. La pili ni mashudu ya mbegu za kitani, makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta yaliyotumika kutengenezea rangi. Mashudu hayo yalikuwa na protini nyingi na mafuta kiasi, yalilainisha choo na kung'arisha manyoya. Kwa mara ya kwanza mfugaji aliweza kuamua mnyama wake awe na hali gani mwezi Desemba. Mnyama aliyenona wakati wa baridi alikuwa tangazo kwamba njaa ya msimu imeshindwa, na watu waliokusanyika kumwona hawakuwa wajinga.

Soko nalo lilidai mafuta hayo. Sensa ya mwaka 1801 iliikuta London na watu wanaokaribia milioni 1, na soko la mifugo la Smithfield ndilo lililowalisha nyama. Shahamu ya ng'ombe ilikuwa malighafi ya mishumaa na sabuni. Kibarua aliyefanya kazi ya mikono kutwa nzima alihitaji nishati kuliko alivyohitaji nyama isiyo na mafuta. Robert Bakewell wa Dishley, mkoani Leicestershire, aliyeishi kati ya 1725 na 1795, alijenga jina lake juu ya mahitaji hayo. Aliwapandisha wanyama wa ukoo mmoja wao kwa wao, akachagua wale waliogeuza chakula kuwa nyama na mafuta upesi, akahifadhi mifupa na vipande vya nyama katika maji ya chumvi ili alinganishe kizazi na kizazi. Lakini tayari katika kazi yake palikuwa na onyo. Ng'ombe wake wa pembe ndefu walinona vizuri, lakini maziwa yao yalipungua, na kondoo wake walilaumiwa kwa kuzaa wachache. Watu wa wakati wake waliliona hilo na kulisema. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba kuna mvutano kati ya mnyama anayejinonea mwenyewe na mnyama anayemlea ndama.

Waliogeuza kunona kuwa tangazo rasmi ni ndugu wawili wa Durham, Charles na Robert Colling, waliojifunza mbinu za Bakewell na kuzitumia kwa ng'ombe wa pembe fupi. Dume lao Favourite, aliyezaliwa mwaka 1793, alizaa maksai wa mwaka 1796 aliyekuja kujulikana kama Durham Ox. Maksai huyo aliuzwa mwaka 1801, na baada ya kupita mikono kadhaa alifika kwa John Day, aliyemzungusha nchini karibu miaka sita ndani ya gari lililotengenezwa kwa ajili yake, mpaka alipoteguka nyonga huko Oxford mwaka 1807 ikabidi achinjwe. Mchoro wake wa mwaka 1802 ulinunuliwa kwa maelfu. Robert Colling naye alikuwa na mtamba mweupe, binti wa Favourite, aliyepelekwa huku na huku kwa kusudi lile lile. Uzito wake ulikadiriwa kuwa ratili 2,300, zaidi kidogo ya kilo 1,040. Biashara ilifuata maonesho. Mwaka 1810 Charles Colling alipouza kundi lake, dume Comet alinunuliwa kwa gini 1,000, bei ambayo ng'ombe yeyote hakuwahi kufikia kabla yake. Mwaka 1822 George Coates alichapisha daftari la ukoo wa ng'ombe wa pembe fupi, daftari la kwanza la aina yake kwa ng'ombe.

Mtamba yule mweupe anastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake kuna kiini cha suala zima. Alizaliwa pacha na dume. Wafugaji walijua kwa uzoefu kwamba jike wa namna hiyo kwa kawaida ni tasa, na ndiyo sababu Robert Colling aliamua kumlisha mpaka ukomo wa mwili wake. Kisayansi jambo hilo lilifafanuliwa mwaka 1916 na Frank Lillie wa Chicago: mishipa ya damu ya mapacha huungana tumboni, vichocheo vya dume humfikia jike, na viungo vyake vya uzazi havikui inavyotakiwa. Mnyama asiyepata mimba halishi kijusi, hatengenezi maziwa, hapotezi chochote kwa ajili ya mwingine. Kila anachokula zaidi ya mahitaji yake hubaki mwilini. Kwa hiyo mtamba aliyezungushwa nchini ili kutangaza ubora wa ukoo wa uzazi alikuwa mnyama ambaye asingeweza kuendeleza ukoo huo hata kwa ndama mmoja. Colling hakumdanganya mtu, maana alitaka kuonesha uwezo wa damu ya Favourite kunenepa, na uwezo huo ulikuwa wa kweli. Tatizo lilianza pale wafugaji wengine walipochukua umbo la mnyama tasa na kulifanya kipimo cha mitamba wanaotarajiwa kuzaa.

Watu makini walijaribu mapema kuweka mipaka. Chama cha Smithfield kilichoanzishwa Desemba 1798, chini ya uenyekiti wa Francis Russell, Duke wa Bedford, hakikutaka unene kwa ajili ya unene. Lengo lake lilikuwa kulipatia soko la London nyama nzuri kwa gharama nafuu, na katika maonesho yake ya kwanza ya mwaka 1799 kilitenga wanyama waliolishwa nyasi, majani makavu na mizizi na wale waliolishwa nafaka au mashudu. Utaratibu huo ulikuwa wa busara kubwa. Ulikiri kwamba huwezi kuwapima wanyama wawili kwa haki bila kujua wamekula nini na kwa bei gani. Lakini kadiri miaka ilivyopita, macho ya watazamaji yalishinda kalamu ya mhasibu. Thomas Bewick, mchongaji picha mashuhuri wa Newcastle, ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1862 baada ya kifo chake, jinsi alivyotakiwa kuchora mabonge ya mafuta mahali ambapo yeye hakuyaona, ili picha zilingane na matarajio ya wenye mifugo. Alikataa. Wengine hawakukataa, na ndiyo maana picha nyingi za enzi zile zinaonesha mwili wa pembe nne uliosimama juu ya miguu midogo. Picha hizo zilirudi mashambani na kuwa mfano wa kufuatwa.

Nusu karne baadaye ushahidi wa mwilini ulifunguliwa. Frederick James Gant, daktari wa upasuaji wa Royal Free Hospital jijini London, alichunguza viungo vya wanyama walioshiriki maonesho ya Smithfield ya Desemba 1857, na mwaka 1858 akachapisha matokeo yake pamoja na michoro ya rangi. Katika baadhi ya wanyama waliosifiwa aliikuta misuli ya moyo imeharibiwa na mafuta. Karibu na wakati huo huo John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, walichinja wanyama kumi wa hali mbalimbali na kuchanganua miili yao yote, kuanzia nyama hadi mifupa. Walionesha kwamba mnyama anaponeneshwa mwishoni, sehemu kubwa ya uzito anaoongeza ni mafuta, na kwamba kondoo aliyeneneshwa kupita kiasi alikuwa na mafuta yanayokaribia nusu ya mwili wake. Kwa pamoja kazi hizo mbili ziliondoa kisingizio kikubwa cha uwanja wa maonesho. Mizani ilikuwa inasema kweli kuhusu kilo, lakini ilikuwa kimya kuhusu kilo hizo ni za nini.

Kwa upande wa mifugo ya uzazi, Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1838 na kufanya maonesho yake ya kwanza Oxford mwaka 1839, kilikumbana na malalamiko yale yale mwaka hata mwaka: wafugaji waliwanenesha kupita kiasi majike waliopaswa kuzaa. Jibu la waandaaji linaonekana katika madaraja yao ya mashindano, ambamo mtamba wa umri wa hadi miaka mitatu alitakiwa awe na mimba au anakamuliwa. Daraja la namna hiyo ni hukumu ya kihistoria. Linasema kwamba mtamba wa umri huo asiye na mimba wala maziwa hawezi kuitwa bora, hata mgongo wake uwe bapa namna gani. Hata hivyo, sharti la mimba liliziba mwanya mmoja na kuuacha mwingine wazi, maana mtamba huingia daraja hilo baada ya kuwa amelishwa miaka miwili au zaidi, na madhara mengi, kama tutakavyoona, hutokea katika mwaka wake wa kwanza. Ndama wa maonesho waliachwa kunyonya muda mrefu, mara nyingine kwa ng'ombe wa kulea walioletwa kwa kazi hiyo tu, kisha wakaongezewa unga wa nafaka na mashudu. Walionekana wazuri kuliko wenzao wa umri ule, na hapakuwa na daraja lililouliza kiwele chao kinajengwaje.

Mtetezi wa desturi hii angeweza kujibu kwamba lawama zote zimeelekezwa mahali pasipo pake, kwa kuwa utasa na uhaba wa maziwa katika koo za maonesho ulitokana na kuzalisha ndugu kwa ndugu. Pingamizi hilo lina nguvu. Ukoo wa Duchess uliolelewa na Thomas Bates wa Kirklevington ulikuwa maarufu kwa shida za kushika mimba, na bado wanunuzi waliugombania: katika mnada wa New York Mills, Marekani, mwaka 1873, jike mmoja wa ukoo huo aliuzwa kwa dola 40,600. Katika ukoo wa namna hiyo, damu iliyofungamana na chakula kilichozidi vilikwenda pamoja, na karne nzima ya ushuhuda wa wafugaji isingeweza kuvitenganisha. Ilihitajika njia ya kuwalisha tofauti wanyama wenye damu moja kabisa.

Njia hiyo ilipatikana kwa mapacha wa kufanana. E. W. Swanson, mtafiti wa jimbo la Tennessee, aliwachukua mitamba pacha wa yai moja, mmoja akalishwa kawaida na mwenzake akaneneshwa upesi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1960 yalikuwa wazi: waliononeshwa walitoa maziwa machache kuliko ndugu zao, ijapokuwa walikuwa wakubwa na wazito. Kwa kuwa damu ilikuwa moja, tofauti ilitoka kwenye chakula. Mwaka 1982 Kristen Sejrsen, mtafiti kutoka Denmark, pamoja na wenzake wa Michigan, walionesha mahali pa tatizo. Kuanzia takriban miezi mitatu hadi balehe, kiwele cha mtamba hukua kwa kasi kuliko mwili mzima. Mitamba waliolishwa kwa wingi katika kipindi hicho walikuwa na tishu chache za kutengeneza maziwa na mafuta mengi zaidi kiweleni. Waliolishwa vile vile baada ya balehe hawakupata upungufu huo. Kabla ya hapo John Hammond wa Cambridge na wanafunzi wake walikuwa wameeleza kanuni pana inayolifanya jambo hili lieleweke: mwili hukua kwa mawimbi, mifupa ikitangulia, misuli ikifuata, na mafuta yakija mwisho. Chakula chenye nishati nyingi kikitolewa kabla ya wakati wake, wimbi la mafuta huletwa mapema.

Ni haki kueleza pia kwamba elimu hiyo haikusimama pale. Watafiti wa baadaye, hasa wa Cornell, walihoji maelezo ya mwaka 1982. Walidai kwamba mtamba aliyelishwa sana hufika balehe mapema, kwa hiyo kiwele chake hupata siku chache za kukua, na kwamba lishe yenye protini ya kutosha hupunguza tofauti. Kwa mlishaji, maelezo yote mawili yanakutana kwenye shauri moja. Usimkimbize mtamba kwa nishati bila protini. Mpe kwanza vya kujengea mifupa na misuli. Ndiyo maana wataalamu wa ng'ombe wakubwa wa maziwa wamezoea kulenga ongezeko la kama gramu 700 hadi 900 kwa siku kabla ya balehe, kumpandisha mtamba anapofikia asilimia 55 hadi 60 ya uzito wa utu uzima, na kumfikisha siku ya kuzaa akiwa na asilimia 82 hadi 85 ya uzito huo. Katika kipimo cha hali ya mwili cha alama 1 hadi 5, mtamba anayekaribia kuzaa hutakiwa awe kati ya 3 na 3.5. Akiwa chini ya hapo hana akiba ya kuanzia maziwa. Akiwa juu ya hapo njia ya uzazi hubanwa na mafuta, hamu ya kula hushuka baada ya kuzaa, na mafuta yanayoyeyushwa kwa haraka hulemea ini lake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka upande wa wafugaji wa nyama: bila uwanja wa maonesho na wingi wa chakula chake, mnyama wa leo asingekuwepo. Kweli hiyo siipingi. Maksai aliyekuwa akingojewa miaka minne au mitano hadi achinjwe alifika kuwa tayari akiwa na miaka miwili hivi, na uchaguzi uliofanyika mbele ya macho ya majirani ulikuwa sehemu ya sababu. Hata hivyo, jicho la mwamuzi lilifanya kazi vizuri lilipokuwa na kitu cha kulisahihisha, na liliachwa peke yake mara nyingi mno. Huko Marekani, kati ya miaka ya 1930 na 1950, waamuzi walipenda ng'ombe wafupi, wanene, wa miguu mifupi. Katika mbari za Hereford na Angus walianza kuzaliwa ndama vibeti, wengi wao wasioishi, kwa sababu wanyama waliobeba chembe ya urithi ya hitilafu hiyo walikuwa wafupi na wanene zaidi, na hivyo walipendwa uwanjani. Hasara iliwaangukia wafugaji wa mashambani. Kisha jicho likageuka: mwaka 1969 maonesho ya kimataifa ya Chicago yalimpa ushindi mkuu maksai chotara wa Charolais na Angus, na katika miaka ya 1980 majike warefu kupita kiasi wakawa fahari mpya. Waamuzi hao walikuwa watu wazoefu. Walipungukiwa na takwimu za uzazi, za gharama ya chakula na za maisha ya mnyama baada ya utepe kuvishwa.

Kuna pingamizi la tatu, ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshalifikiria. Desturi ya maonesho ilifika kwetu pamoja na walowezi. Nairobi ilipata maonesho yake ya kilimo ya kwanza mwaka 1902, na pamoja nayo ng'ombe wa Ulaya na vipimo vya Ulaya. Leo maonesho ya Chama cha Kilimo cha Kenya na sherehe za Nane Nane nchini Tanzania huleta mitamba wa Friesian, Ayrshire na machotara wao mbele ya umma. Lakini kwa wafugaji wengi wetu shida ni njaa. Mtamba wa bandani anayeletewa matete na mabua makavu wakati wa kiangazi hufika miaka mitatu hajapandishwa. Mtamba wa malishoni huhesabiwa mbavu kila mwisho wa ukame. Je, kuonya juu ya kunona mahali ambapo mitamba wamekonda si kumpa mgonjwa dawa ya ugonjwa wa mwingine? Na je, mfugaji wa nyika hana haki ya kufurahia unene, ikiwa akiba ile ndiyo itakayomvusha mnyama wake mpaka mvua?

Ana haki hiyo, na historia niliyoisimulia inamuunga mkono. Mwingereza wa mwaka 1799 na mfugaji wa nyika wa leo wanaheshimu kitu kimoja, yaani akiba iliyowekwa mwilini kabla ya msimu wa shida. Alama ya hali ya mwili inapima pande zote mbili: inamfichua aliyekonda kama inavyomfichua aliyezidi. Mtamba aliyechelewa kwa sababu ya njaa na mtamba aliyewahi kwa sababu ya unga mwingi wamekosa jambo moja, ukuaji wa misuli na mifupa uliopangwa kwa umri, na tiba yao inaanzia mahali pamoja: majani mabichi ya kutosha, jamii ya kunde kama lusina au desmodiamu kwa ajili ya protini, madini, maji, na mashudu ya alizeti au pamba kwa kipimo. Hatari iliyopo ni kwamba mfugaji mwenye chakula kichache anapotaka kumwingiza mtamba mashindanoni, hujaribu kufidia miaka miwili ya upungufu kwa miezi miwili ya pumba na molasi. Mwili hautakubali fidia hiyo. Wimbi la mifupa limeshapita kwa sehemu kubwa, na kinachoongezeka ni mafuta juu ya umbo dogo. Mtu huyo ametumia fedha zake kununua mwonekano, na historia ya Smithfield inaonesha kwamba waliomtangulia walifanya hivyo wakiwa na mali nyingi kuliko yeye.

Zaidi ya hayo, kanda hii imekwisha kubuni kipimo bora kuliko kile cha uwanjani. Katika miradi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe iliyoenea Tanzania, familia hupewa mtamba mwenye mimba, na deni lake hulipwa kwa ndama jike wa kwanza anayekwenda kwa familia nyingine. Hapo hakuna anayeweza kulipa deni kwa unene. Mtamba akinona bila kuzaa, mnyororo unakatika, na jirani aliyesubiri zamu yake anabaki mikono mitupu. Mpango huo unamlazimisha mfugaji kuuliza swali ambalo watazamaji wa London hawakuulizwa: mnyama huyu atafanya nini mwakani? Ni kipimo kilichowekwa na watu wanaotegemea jibu lake, na ndiyo sababu kimedumu.

Yapo mambo ambayo maonesho yetu yanaweza kuyafanya bila gharama kubwa, na ninayapendekeza kwa dhati. Kila mtamba aje na kadi inayoonesha tarehe ya kuzaliwa, vipimo vya utepe wa kifuani vya angalau kila robo mwaka, na aina na bei ya chakula alichokula. Aliyetimiza umri wa kupandishwa athibitishwe na daktari wa mifugo kwamba ana mimba. Mwamuzi atoe alama ya hali ya mwili hadharani na kuieleza, na anayezidi 3.5 apunguziwe pointi sawa na anayepungua 2.5. Ikiwezekana, zawadi kubwa itolewe mwaka unaofuata, baada ya mtamba kuzaa na kukamuliwa. Yapo yatakayopotea: mng'ao wa siku moja, na pengine baadhi ya watazamaji. Lakini maonesho ya kilimo yaliahidi tangu Smithfield kumfundisha mfugaji namna ya kupata mnyama bora kwa gharama anayoimudu. Ahadi hiyo inatimizwa pale anayerudi nyumbani kutoka uwanjani anapojua ampe mtamba wake nini, kiasi gani, na katika mwezi upi wa umri wake.